Rada ya kuhesabu pumzi bila kumgusa mgonjwa: je, ifungwe katika chumba cha watoto njiti?

Fundi wa Masasi (muuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali moja hapa Masasi, na naomba msaada wa wenye ujuzi kabla sijapanda ngazi na kutoboa ukuta.

Tumeletewa kwa majaribio vifaa viwili, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja, ambavyo aliyevileta anasema vinahesabu pumzi na mapigo ya moyo ya mgonjwa kwa mawimbi ya rada, bila waya, bila kibandiko, na bila hata kumfunua shuka. Nimekifungua kimoja na kusoma karatasi zake. Kinatumia masafa ya gigahezi 60, yaani mawimbi yanayotetema mara bilioni 60 kwa sekunde, kina antena 3 za kutuma na 4 za kupokea zilizochorwa juu ya bodi yenyewe ya saketi, na kinakula umeme mdogo kiasi kwamba pawabenki kubwa inakiendesha usiku kucha, jambo ambalo kwa mtu anayeujua umeme wa Kusini si dogo.

Muuguzi mfawidhi wa wodi ya watoto wachanga anataka kimoja kifungwe katika chumba cha akina mama wanaowabeba watoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa ule mtindo wa kangaruu. Sababu zake hazina ubishi. Oksimita tulizonazo, vile vibana vya kupima oksijeni ya damu, ni chache kuliko watoto, na vibandiko vya kifuani huchubua ngozi ya mtoto wa kilo moja na nusu. Hata visipochubua, jasho la mwezi wa 12 huvibandua kabla ya saa moja kwisha.

Mimi nina mashaka matatu. Kwanza, mama anapumua na mtoto anapumua, na wote wawili wamefungwa kanga moja; rada itajuaje ipi ni pumzi ya nani? Pili, chumba chenyewe kina paa la mabati lisilo na dari, pangaboi moja katikati, na chandarua juu ya kila kitanda. La tatu nimeulizwa na baba wa mtoto mmoja nikakosa jibu: amesoma kwenye simu kwamba mawimbi ya gigahezi 60 hunyonywa na oksijeni, akataka kujua kama mashine hii haitamaliza hewa ya mwanawe. Nilimwambia nitauliza. Naombeni mnijibu kwa kina, maana nitakayoyaandika katika ripoti ndiyo yatakayofuatwa.

Wimbi la Shangani

Ndugu Fundi, nafundisha elektroniki hapa Mtwara mjini, na nitaanza na shaka lako la tatu kwa sababu ndilo jepesi. Ni kweli kwamba molekuli za oksijeni hunyonya mawimbi ya karibu na gigahezi 60, na katika usawa wa bahari upungufu huo hufika desibeli 15 hivi (desibeli ni kipimo cha kufifia kwa wimbi) kwa kila kilomita. Lakini rada yako inaangalia mita 2, si kilomita, na kwa kwenda na kurudi kinachopotea ni desibeli 0.06, kiasi ambacho hakuna atakayekihisi. Tena kunyonya huko si kula: nishati hiyo ndogo hugeuka joto lisilohisika, na oksijeni hubaki oksijeni. Nguvu inayotoka katika chipu za aina hii huwa miliwati 10 hadi 20 hivi, ilhali simu aliyosomea habari hiyo inaweza kutoa mara kumi ya hapo inapohangaika kutafuta mnara. Wala mawimbi haya hayana nishati ya kuvunja kemikali za mwili kama eksirei. Hata ngozini hayaingii zaidi ya milimita moja. Mwambie baba huyo alale.

Hapo niliposema hayaingii ndipo pa kuanzia maelezo, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba rada inauona moyo. Haiuoni. Inaiona ngozi, kwa kuwa ngozi imejaa maji na maji huyarudisha mawimbi hayo, ilhali kanga kavu, shuka na chandarua huyapitisha kwa sehemu kubwa. Kinachopimwa ni mtikisiko wa ngozi ya kifua: pumzi ya mtu mzima hukiinua kifua milimita kadhaa, na pigo la moyo hukitikisa kwa sehemu tu ya milimita, tuseme 0.1 hadi 0.5. Kupata namba ya pumzi, kwa hiyo, ni kazi ya kawaida. Kupata namba ya moyo ni kutafuta mtikisiko mdogo uliopanda mgongoni mwa mtikisiko mkubwa.

Mtikisiko wa namna hiyo hupimwaje kutoka mita 2? Katika gigahezi 60 urefu wa wimbi ni milimita 5. Wimbi linaporudi hulinganishwa na lile lililotumwa, na kinachosomwa ni fezi, yaani limerudi likiwa katika hatua gani ya mzunguko wake. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, kifua kikisogea milimita 2.5 tu, fezi huzunguka duara zima la digrii 360. Pigo la moyo la milimita 0.2 huizungusha digrii 29 hivi. Katika rada za gigahezi 24, ambazo wimbi lake lina urefu wa milimita 12.5, pigo hilohilo lingeizungusha digrii 11 na nusu, na ndiyo sababu watengenezaji wamepanda juu kimasafa. Ila faida hiyo ina gharama yake. Pumzi ya milimita 5 huizungusha fezi duara mbili nzima, na programu hulazimika kuhesabu mizunguko hiyo bila kuruka hata mmoja. Mgonjwa akigeuka ubavu, hesabu hupotea mpaka atulie tena.

Wazo lenyewe si geni kama wauzaji wanavyolieleza. Mwaka 1971 Caro na Bloice walieleza katika jarida la Lancet kifaa cha rada cha kugundua mgonjwa aliyeacha kupumua, bila kumgusa, na mwaka 1975 James Lin alichapisha kazi yake ya kupima pumzi kwa mawimbi ya mikrowevu. Baada ya tetemeko la Nepal la mwaka 2015, rada ya namna hii iliyobuniwa na NASA, shirika la anga la Marekani, ilisaidia kuwapata wanaume wanne waliokuwa hai chini ya kifusi kwa kuhisi pumzi na mapigo yao, ingawa ile hutumia masafa ya chini zaidi yanayopenya vifusi, jambo ambalo gigahezi 60 haziwezi.

Sasa antena. Masafa ya rada yako hayakai mahali pamoja. Hupanda kutoka chini hadi juu mara nyingi kwa sekunde, na yakiwa na upana wa gigahezi 4 yanaweza kutenganisha vitu viwili vilivyopishana sentimita 3.75 kwa umbali. Huko ni mbele na nyuma. Kushoto na kulia ni kazi ya mpangilio wa antena: antena 3 za kutuma zikifanya kazi kwa zamu na 4 za kupokea, hesabu hukupa antena 12 za kufikirika, na zikiwa katika mstari mmoja zinatenganisha pembe ya digrii 10 hivi, ambayo kwa mita 2 ni kama sentimita 33. Lakini itazame bodi yako kwa makini. Mara nyingi antena moja ya kutuma huwa imeinuliwa kidogo ili kupima juu na chini. Ukiona hivyo, mstarini zimebaki 8, na uwezo wa kutenganisha umeshuka hadi nusu mita.

Vitanda viwili vilivyoachana mita moja vitatengana. Mama na mtoto aliye kifuani pake hawatatengana kwa pembe, na kwa umbali hawatatengana pia, kwa sababu mtoto amemfunika mama. Kinachoonekana na rada ni mgongo wa mtoto, nao hupanda na kushuka kwa pumzi za wote wawili. Hilo ndilo shaka lako la kwanza, na kwa maoni yangu una haki nalo kabisa.

Mkunga wa Newala

Wanangu, mimi nimestaafu, na hayo ya fezi nimeyasoma mara mbili nikayaacha. Naomba niseme ya wodini.

Mtoto njiti hapumui kama saa ya ukutani. Hupumua haraka, akakaa kimya sekunde 5 au 10, akaanza tena, na hilo kwa umri wake si ugonjwa. Ndiyo maana tulifundishwa kumhesabu dakika nzima, si robo dakika mara nne. Tunachokiogopa ni kimya kinachopita sekunde 20, au kifupi cha hapo kinachoandamana na moyo kupungua mwendo au midomo kubadilika rangi. Kwa hiyo mashine inayonipa wastani wa dakika hainisaidii. Nataka inayopiga kelele kwenye kimya.

Lipo na jambo lingine ambalo sijaona mtu akiligusa. Mtoto wa kangaruu akifungwa vibaya, shingo ikakunjika kidevu kikagusa kifua, njia ya hewa huziba. Wakati huo kifua chake hakitulii, bali hupigana. Kinapanda na kushuka pengine kuliko mwanzo, na hewa haiingii. Fundi, mashine yako inayotazama mtikisiko itasema mtoto anapumua vizuri sana. Oksimita itaonyesha oksijeni inashuka, na jicho la mama aliyefundishwa litaona midomo. Rada haipimi oksijeni, haipimi joto la mwili, na watoto hawa baridi huwaumiza mapema kuliko mengi mnayoyadhania.

Halafu mtoto akinyamaza, dawa ya kwanza ni kumgusa: unamsugua mgongo, unampigapiga unyayo kwa kidole. Mama aliyembeba yuko palepale kufanya hivyo. Sioni kwa nini tujivunie kutogusa katika chumba ambacho tiba yake yote ni kugusana.

Msidhani nazipinga mashine. Ningeipenda sana hiyo kwa mgonjwa aliyeungua, ambaye hana hata inchi moja ya ngozi ya kubandika kitu. Na kule nje kwa wagonjwa wa kila siku, mtoto wa mwaka mmoja mwenye kikohozi akiona sare yako analia, na mtoto anayelia hahesabiki. Kwa wa miezi 2 hadi 11 tunaogopa pumzi 50 na zaidi kwa dakika, na kwa wa mwaka 1 hadi 5 tunaogopa 40 na zaidi; namba hizo zinataka mtoto aliyetulia. Angehesabiwa akiwa amelala mapajani kwa mama yake bila kujua, kazi ya muuguzi ingepungua nusu.

Kijana wa Mtama

Shikamoo mama Mkunga, shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi Dar es Salaam, kwetu ni Mtama, na nimecheza na bodi ya aina hii kwa miezi kadhaa katika mradi wangu wa chuo, kwa hiyo naomba nichangie pale mlipoacha.

Kuhusu mama na mtoto, tatizo ni kubwa kuliko mtikisiko mmoja kuufunika mwingine. Kifua hakipandi na kushuka kwa ulaini wa pendulamu. Tunavuta hewa kwa haraka, tunaitoa taratibu, tunapumzika kidogo. Mwendo usio laini namna hiyo, ukiuchambua kimahesabu, hutoa pamoja na mwendo wenyewe vivuli vyake vya mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea, ambavyo wahandisi huviita hamoniki. Mama aliyetulia anayepumua mara 15 kwa dakika ataacha vivuli kwenye 30, 45, 60 na 75. Sasa mtoto njiti anapumua mara ngapi? Mara 45, mara 50. Kivuli cha mara tatu cha mama kinakaa juu ya mtoto hasa, na mtoto akinyamaza kivuli hicho hakinyamazi. Kioo kitaendelea kuonyesha 45. Mtu mzima akiwa peke yake ana taabu hiyohiyo kwa moyo wake mwenyewe, kwa sababu kivuli cha mara tano cha pumzi 15 ni 75, na mapigo 75 ndiyo ya watu wengi waliopumzika. Wapo wanaopendekeza kufunga rada ya pili inayomtazama mama ubavuni na kutoa mwendo wake kwenye ule wa mtoto. Ni hesabu nzuri ya karatasini; mimi nisingeiachia mtoto wa mtu.

Kuhusu pangaboi nina kisa. Siku moja bodi yangu ilinionyesha pumzi 18 kwa dakika katika chumba kisicho na mtu. Nilihangaika siku mbili nikidhani nimekosea programu, kumbe ilikuwa feni ya darini. Bodi ilikuwa inapiga vipimo 10 kwa sekunde. Feni yenye mapanga 3 ikizunguka mara 206 kwa dakika, panga hupita mbele ya rada mara 10.3 kwa sekunde. Rada inayotazama mara 10 tu huona ile 0.3 iliyozidi, na 0.3 kwa sekunde ni 18 kwa dakika. Ni kama gurudumu la gari katika filamu linaloonekana kurudi nyuma polepole. Tiba yake ni kuongeza idadi ya vipimo kwa sekunde, kama kifaa chako kinaruhusu, au kuzima feni, au kuhakikisha feni haionekani hata kwa kuakisiwa. Na hapo mabati yanaingia: kwa mawimbi haya bati ni kioo. Uzuri ni kwamba taswira ya kwenye kioo husafiri njia ndefu zaidi, kwa hiyo ukiweka ukomo wa umbali katika mipangilio, tuseme mita 2 na nusu, nyingi hukatika. Chandarua chenyewe hakina neno kikiwa kimetulia. Kikipeperushwa na upepo wa kusi dirishani, nacho kinapumua.

Jambo la mwisho linamhusu mama Mkunga moja kwa moja. Ili kutofautisha pumzi 16 na 18 kwa dakika, programu inahitaji kukusanya vipimo vya sekunde 30 hivi kabla ya kutoa namba. Mtoto akinyamaza sekunde 20, ndani ya dirisha hilo bado zimo sekunde 10 za pumzi nzuri, na namba itabaki ileile. Vifaa vingine vina programu ya pembeni inayotafuta kimya peke yake. Fundi, usiulize kama kifaa chako kinayo, jaribu. Lala kitandani, pumua kawaida dakika 2, kisha jizuie sekunde 25 na mtu akitazama kioo kwa saa mkononi. Fanya pia jaribio la kitanda kitupu, feni ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa kwa kila kasi. Na muuguzi ahesabu dakika nzima bila kukiona kioo, ninyi mwandike alichosoma na kilichosomwa, muda uleule.

Mzee wa Tandahimba

Yangu ni mafupi. Kifaa kinachotumika kuamua tiba ni kifaa tiba, na usajili wake uko TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kwa kuwa kinarusha mawimbi, uidhinishaji wake uko TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ulizeni namba zote mbili kabla ya kutoboa ukuta. La pili, mashine inayojua nani amelala, nani ameamka na kitanda kipi kina watu wawili, inajua mengi, na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fundi, je, kifaa hicho kinapeleka namba zake kiooni tu, au kinazipeleka kwa aliyekileta kupitia intaneti? Wanaosema hakina kamera wanasema kweli, lakini swali silo hilo.

Fundi wa Masasi

Wazee wangu na ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki mbili na nusu. Shikamoo mama Mkunga.

Nianze na Mzee wa Tandahimba. Nilipouliza namba za usajili niliambiwa zinashughulikiwa. Nilipochomoa intaneti, kifaa kiliendelea kuonyesha namba kwenye kioo chake kidogo lakini kikaanza kuwasha taa nyekundu ya kulalamika, kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba kilikuwa kinapeleka. Sasa kinafanya kazi bila intaneti na taa nimeibandika plasta.

Bodi nimeitazama kwa kioo cha kukuza: antena moja ya kutuma imeinuliwa, kama Mwalimu alivyosema.

Kitanda kitupu, feni imezimwa: kioo kilisema hakuna mtu, mara zote. Feni kasi ya kwanza: hakuna mtu. Kasi ya pili: pumzi 17. Tulibadilisha kitanda, tukaondoa chandarua, tukafunga dirisha, na bado 17. Kasi ya tatu ikarudi hakuna mtu, na hapo ndipo nilipomwelewa Kijana wa Mtama, kwa sababu kama ingekuwa ni upepo tu, kasi kubwa ingeharibu zaidi. Idadi ya vipimo kwa sekunde katika kifaa hiki haibadilishwi na mtumiaji. Wauguzi wamekiita kitanda hicho mgonjwa wetu mtulivu.

Kujizuia pumzi nilifanya mimi mwenyewe mara nne, sekunde 25 kila mara. Namba ilitoka 15 ikaenda 14, na mara moja ikabaki 15. Hakuna kengele iliyolia. Nilipojaribu mara ya tano kuvumilia zaidi, mwanafunzi aliyeshika saa aliingiwa na hofu akanitingisha, jaribio likaharibika.

Mama na mtoto tuliwapima jozi sita kwa ridhaa yao, muuguzi akihesabu mtoto dakika nzima huku oksimita ikiwa mguuni mwake kama kawaida. Katika jozi nne kifaa kilimhesabu mama: 16, 14, 17, 16. Katika jozi mbili kilirukaruka kati ya mama na namba za arobaini na kitu. Jozi moja kati ya hizo mbili ndiyo iliyonitia baridi. Muuguzi alihesabu 54 na kioo kikasoma 48, na mama alikuwa akipumua 16. Kidogo tu ningeandika kwamba kifaa kimekaribia.

Mtu mzima aliyelala peke yake, feni imezimwa, kifaa kikiwa mita moja na nusu juu ya kifua, ni habari nyingine kabisa. Tulichukua vipimo 30 kwa wafanyakazi waliojitolea. Pumzi zililingana na hesabu ya muuguzi, tofauti ikiwa 1 au 2 isipokuwa mara tatu, na mara hizo tatu mhusika alikuwa anacheka au anaongea. Moyo haukuwa mzuri hivyo: mara nyingi ulikaribiana na oksimita, kisha ghafla kikasoma 64 kwa mtu mwenye 85. Nimeandika kwamba namba ya moyo isitumike, na nimeifunika kwa karatasi ili asiwepo wa kushawishika nayo usiku wa manane.

Wimbi la Shangani

Hiyo ya 64 kwa mtu mwenye 85, je, alikuwa akipumua mara 16? Kama ndivyo, kifaa kimeshika kivuli cha mara nne cha pumzi, na unaweza kuliandika hilo katika ripoti kama sababu, si kama bahati mbaya. Angalia pia umbali: nguvu inayorudi hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali, kwa hiyo kutoka mita 1 hadi mita 2 unabaki na moja ya kumi na sita. Nusu mita uliyoiokoa imekusaidia kuliko programu yoyote.

Fundi wa Masasi

Mwalimu, nimetazama daftari: alikuwa akipumua 16. Nakushukuru.

Chumba cha kangaruu hakitafungwa kifaa. Oksimita mbili zilizokuwa zimelala kwa kukosa vibana nimezitengeneza na zimekwenda huko. Rada moja nimeifunga jana katika chumba cha walioungua, juu ya kitanda cha mzee mmoja aliyeungua kifua na mikono wakati wa kuchoma korosho. Kabla ya hapo wauguzi walikuwa wanamhesabu pumzi kila saa kwa kumfunua, na kila akifunuliwa alikuwa analia kwa maumivu. Feni ya chumba hicho nimeikata waya kabisa, dirisha linatosha. Karatasi ya vipimo iko mlangoni, muuguzi anahesabu kwa macho asubuhi na jioni na kuandika kando ya namba ya kioo, na oksimita iko kwenye kidole cha mguu kilichosalimika.

Mkunga wa Newala

Mwanangu, mabano ya hiyo mashine yakaze vizuri. Iko juu ya kidonda.